Njiwa ya madoa ya shaba

Siku ya Mungu, kisha kikao cha sendika, mtoto mmoja wa kambi alituletea njiwa kidogo ya pori. Aliipiga na manati, lakini ilikuwa ingali nzima. Mara moja tukagawanyika. Bamoja walisema madoa ya bawa ni ya bulu, bengine walisema ni ya kijani. Tulibishana sawa vile tunabishanaka na mwenye depo juu ya teneri ya jiwe.

Wote walikuwa na haki, juu jua linadanganya. Geuza bawa kidogo, kijani inakuwa bulu. Sisi wachimbaji tunajua rangi ya juu haitoshi: jiwe tunalivunja kwanza, ndiyo tunasema ni malakite. Kwa njiwa hii, angalia mdomo.

Mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano, hiyo ni Turtur afer. Linnaeus aliiandika mu mwaka wa 1766. Inapenda pori nzito na kandokando ya mito. Mdomo mweusi, wenye wekundu kidogo tu kwenye shina, hiyo ni Turtur chalcospilos. Wagler aliiandika mu 1827. Yenyewe inapenda pori kavu. Zote mbili ni za karibu sentimetre 20, na zikiruka zinaonyesha rangi ya kutu kwenye mabawa na mistari miwili myeusi mgongoni. Ukoo wa Turtur una aina tano, zote za Afrika. Ile ya tumbo nyeupe ni ndugu yao pia.

Ya mtoto wetu ilikuwa na mdomo mweusi. Basi ni chalcospilos, jina la Kigiriki, maana yake «madoa ya shaba». Kumbe hata shaba inaruka!

Lakini miti tunaikata kwa makala, na machimbo yanakula pori. Tukiziita zote «njiwa ya pori» tu, moja ikipotea hatutajua. Tutaona ile ingine na kusema: bado ziko. Pale kwa depo tulishajifunza: kitu usichokijua mwenyewe, mwengine anakutajia jina na bei.

Bawa halikuvunjika. Mtoto aliiachilia nyuma ya kambi, ikaruka chinichini mpaka kwenye miti. Akatuuliza: «Na ile ya mtoni, mdomo wake ni mwekundu kweli?»

Tulimwambia aende aangalie, manati aache kwa nyumba.