Bei uliyoiona na bei utakayolipa: kubuku ndege ya ndani kwa mara ya kwanza

Disemba ikikaribia, na hata Ijumaa ya kawaida tu ya mwisho wa mwezi, swali moja huturudia kutoka kwa wateja: "Nimeona tangazo la ndege Nairobi–Kisumu, bei inakaribiana na ya basi la sikukuu. Hii ni ukweli ama ni wakora?" Jibu fupi ni kwamba inaweza kuwa kweli. Jibu refu ndilo hili unalosoma, kwa sababu kati ya tangazo na kiti cha ndege kuna hatua kadhaa, na pesa yako inaweza kupotelea kwenye mojawapo.

Ndege za ndani siku hizi zipo za kutosha. Jambojet, tawi la bei nafuu la Kenya Airways lililoanza 2014, huondoka JKIA kwenda Mombasa, Kisumu, Eldoret, Ukunda na kwingineko. Kenya Airways yenyewe bado inaruka Mombasa na Kisumu. Safarilink hutumia uwanja wa Wilson. Kulipa kwa simu sasa ni jambo la kawaida, kwa hivyo kukosa kadi ya benki si sababu ya kubaki nyumbani.

Bei ya tangazo ni mwanzo wa hesabu

Shirika halina bei moja kwa ndege moja. Viti hugawanywa katika mafungu. Fungu la bei ya chini likiisha, linakuja la juu kidogo, hivyo hivyo hadi ndege ijae. Ndiyo maana abiria wawili walioketi bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa pesa tofauti kabisa, na ndiyo maana tangazo husema "kuanzia". Ijumaa jioni, Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi, viti vya bei ya chini huisha mapema kwa sababu watu wa kazi wanazigombania. Pasaka, likizo ya Agosti na Krismasi ndiyo usiseme. Jaribu Jumanne au Jumatano, au ndege ya alfajiri ambayo hakuna anayependa kuamkia.

Kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Mkiwa familia ya watu 4 na fungu la bei ya chini limebakisha viti 2, tovuti nyingi zitawapa nyote 4 bei ya fungu la juu. Hebu tafuta kwanza kwa mtu 1, halafu kwa 4, ulinganishe bei ya kila kichwa. Ukiona tofauti, unaweza kubuku wawili wawili. Ila hizo ni buking mbili, kila moja na malipo yake.

Sasa mizigo. Tuseme umeona nauli ya shilingi 5,000. Mara nyingi hiyo ni yako wewe na mkoba wa mkononi wa kilo chache. Sanduku hulipiwa kando, na kulilipia mtandaoni wakati wa kubuku kwa kawaida ni nafuu kuliko kungoja kaunta. Sanduku likiwa 1,500, teksi ya kwenda uwanjani 1,200, na nyingine upande wa pili 1,000, zile 5,000 zimekuwa 8,700. Kuchagua kiti pia hulipiwa, na hilo unaweza kuliruka bila hasara. Angalia pia visanduku vilivyotiwa alama tayari, kama bima. Kama huvihitaji, ondoa alama.

Treni ya SGR Nairobi–Mombasa, daraja la kawaida, ilipandishwa hadi shilingi 1,500 Januari 2024. Kama unasafiri na watoto watatu na magunia ya Krismasi, treni itashinda, na hatuoni haya kusema hivyo. Ndege inashinda pale ambapo muda ni pesa: kuna mazishi Jumamosi na umeruhusiwa siku moja tu kazini, ama una intavyu Kisumu saa nne asubuhi. Nairobi–Kisumu ni chini ya saa moja hewani; kwa basi ni siku nzima imeenda.

Lakini hapo kwa mazishi tuongeze neno. Tarehe za mazishi husogezwa, na tiketi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida hairudishiwi pesa. Kuibadilisha tarehe ni kulipa tena. Kama familia bado inakaa vikao, ngoja wakubaliane, ama ulipe kidogo zaidi upate tiketi inayobadilika.

Jina, saa na uwanja

Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Usiandike jina la kanisani ambalo haliko kwa kadi, wala lile ambalo mtaa unakuitia. Kurekebisha jina baada ya kulipa ni usumbufu, na mara nyingine ni gharama.

Saa ndiyo hutega hata wasomi. Tovuti hutumia saa 24. 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Mama akikupigia simu, "nibukie ile ya saa kumi na mbili na nusu," muulize asubuhi ama jioni kabla hujabonyeza kitu.

Uwanja nao uangalie. Ukitafuta "Nairobi", tovuti nyingine zitakuletea JKIA na Wilson kwenye orodha moja. NBO ni JKIA, kule Embakasi. WIL ni Wilson, barabara ya Lang'ata. Ukifika Wilson na ndege yako iko JKIA, na Mombasa Road imejaa, hiyo ndege imekuacha.

Pesa imetoka, tiketi bado

Hapa ndipo kazi yetu ilipo, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Ukimaliza kujaza na kuchagua kulipa kwa simu, kwa kawaida tovuti hukupa namba ya buking, herufi na tarakimu 6 zilizochanganywa, pamoja na muda wa kulipa. Muda huo ukipita, kiti kinarudi sokoni na bei inaweza kuwa imepanda. Kwa hivyo weka pesa kwenye simu kabla ya kuanza kutafuta ndege. Kutafuta ajenti saa nne usiku huku dakika zinahesabiwa si raha. Na weka ziada kidogo, maana ada ya muamala wakati mwingine ni juu yako.

Kwa Paybill, namba ya biashara ni ile iliyo kwenye ukurasa wa malipo wa shirika lenyewe. Namba ya akaunti ni namba yako ya buking, na si namba yako ya simu wala jina lako. Angalia vizuri herufi O na sifuri, herufi I na moja. Kiasi kiwe kile kile hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu ukipunguza hata 50, mfumo wa shirika unaweza kukataa kutoa tiketi. Kisha kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama umebuku kwa shirika la ndege na jina lililokuja ni la mtu binafsi au duka usilolijua, simama hapo hapo.

Tovuti nyingine hazikupi Paybill. Zinatuma ujumbe unaojitokeza kwenye simu ukiomba PIN. Ni njia nzuri, haina kukosea namba. Ila ukijitokeza wakati hujabuku chochote, ukatae.

Halafu hili tunaomba ulishike: SMS yetu ya kuthibitisha malipo si tiketi. Inaonyesha tu kwamba pesa imetoka kwako na imeenda kwa nani. Tiketi hutoka kwa shirika, kwa kawaida kupitia barua pepe. Ikikawia, usilipe mara ya pili. Angalia kwanza kwenye barua taka, kisha piga simu kwa shirika ukiwa na kodi ya muamala iliyo kwenye SMS na namba ya buking. Mtu akilipa mara mbili kwa wasiwasi, kurudishiwa malipo ya pili huchukua muda, na huo muda yeye hana.

"Till ya ofisi ina shida leo"

Ukisikia sentensi hiyo, funga mazungumzo. Wakala wa safari halali wapo na wengi wanafanya kazi safi, lakini wakora wa Facebook na WhatsApp wana mtindo wao: bei iko chini sana, ofa inaisha leo, na pesa itumwe kwa namba ya mtu.

Wajanja zaidi wamejifunza kitu kingine. Wanakubukia kweli kwenye tovuti ya shirika, bila kulipa, kisha wanakutumia namba ya buking. Unaingia, unaona jina lako, unaona ndege, moyo unatulia, unatuma pesa. Baada ya saa chache buking inafutika kwa sababu hakuna aliyelilipa shirika. Kwa hivyo ukiingia sehemu ya "Manage Booking" kwenye tovuti ya shirika, usitosheke kuona jina lako. Tafuta palipoandikwa kwamba imelipwa na kuthibitishwa. Kama bado inasubiri malipo, lipa wewe mwenyewe, moja kwa moja kwa shirika.

Tovuti bandia pia zipo. Andika anwani ya shirika mwenyewe badala ya kubonyeza tangazo la kwanza, na usome tahajia yake herufi kwa herufi.

Na kama tayari umetuma, tupigie huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo. Usingoje kwanza kubembelezana na mkora. Nafasi ya kuizuia pesa ipo kabla haijatolewa kwa ajenti, na wakora hutoa haraka. Kisha piga ripoti polisi upate namba ya OB.

Siku yenyewe

Beba kitambulisho halisi. Kwa watoto, cheti cha kuzaliwa. Mkoba upime nyumbani, hata kwa mizani ya duka la nafaka. Kisu cha kuchinjia kuku wa Krismasi kiende kwenye sanduku la chini. Power bank nayo ibaki mkononi, hairuhusiwi chini. Fika saa mbili kabla. JKIA kuna ukaguzi getini ambapo abiria hushuka garini na kupita kwa miguu, na foleni yake haijali ndege yako ni ya saa ngapi.

Kama unaenda Lamu, jua kwamba uwanja uko kisiwa cha Manda, kwa hivyo weka kando pesa za boti ya kuvuka. Na usishtuke ukiona ndege ina mapangaboi kwenye mabawa. Dash 8-400 za Jambojet ziko hivyo zote, na hubeba watu 78. Ukitaka kuona chini vizuri, omba kiti cha nyuma, maana katikati bawa liko juu ya dirisha na injini inaziba upande.