Kupandikiza au Kubebesha? Istilahi ya Utando wa Plastiki

Katika ufuko wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, wavu wa mvuvi huitwa nailoni, na karatasi ya plastiki inayofunika dagaa mvua ikinyesha nayo huitwa nailoni. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, jina halikupigwa marufuku.) Kwa muuzaji hakuna hasara. Kwa mfasiri wa kitabu cha kemia ipo. Wavu ni poliamidi, ambayo hunywa maji kiasi. Karatasi ile kwa kawaida ni polithini, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, nayo haishiki maji. Mwanafunzi akisoma kwamba "nailoni hunywa maji," kisha akatazama matone yanavyoteleza juu ya kifuniko cha dagaa, atamwona mwalimu wake kuwa mwongo.

Tabia hiyo ya kukataa maji ndiyo wanakemia hutaka kuibadili. Utando wa polithini hupigwa mionzi, kwa mfano ile ya gama itokayo katika kobalti 60, hata baadhi ya atomu za hidrojeni zikang'oka katika minyororo yake mirefu. Mahali zilipong'oka huwa tayari kuungana na kitu kingine. Utando ukitiwa katika asidi ya akriliki, molekuli za asidi hushikana moja baada ya nyingine kuanzia hapo, na mnyororo mpya huota ubavuni mwa ule wa zamani. Huku si kupaka rangi, maana rangi hubanduka. Utando huo sasa hulowa na kupitisha ioni, ndiyo maana hutumika kutenganisha sehemu za betri.

Kazi hiyo tuiteje? Wengi huandika "upandikizaji." Lakini mkulima wa mpunga hupandikiza mche mzima kutoka kitaluni, na daktari hupandikiza figo, kote kuwili kitu huhamishwa. Bwana shamba anapounganisha kikonyo cha mwembe wa kisasa na shina la mwembe wa kienyeji, husema amebebesha. Shina hubaki lilipo, likabeba jamii nyingine. Mfano huu unakaribia zaidi, ijapokuwa hatuna budi kukiri kwamba mnyororo wa akriliki haukatwi kwingine, bali hukua papo hapo. Kwa maoni yangu tuseme "upolimishaji wa kubebesha," na zao lake liitwe "utando uliobebeshwa." Neno "nailoni" na liendelee sokoni kama lilivyo, vitabuni lihifadhiwe kwa poliamidi.