Miaka 21 kufika namba moja: Je, muziki ni kazi?

Sisi walimu wa kujitolea kila muhula tunaulizwa na wazazi swali lile lile: "Mwalimu, huyu mtoto ameacha daftari, anashinda kwenye muziki tu, tumfanyeje?" Vijana nao wanakuja na lao: "Mwalimu, kwani muziki si kazi?" Mwezi huu tumeona vema tuwaletee habari za watu wawili ambao muziki umekuwa kazi yao kweli kweli, ili mjue wameifanyaje.

Watu hao ni Saul Milton na Will Kennard, Waingereza wa London. Walifahamiana wakiwa chuo kikuu huko Manchester, na mwaka 2003 wakaunda kundi lao la Chase & Status. Saul ndiye Chase, Will ndiye Status. Wenyewe si waimbaji. Ni maprodyuza, yaani wanapanga ngoma, besi na vinanda kwenye kompyuta, halafu wanamtafuta mwimbaji anayefaa wimbo huo.

MUZIKI GANI HUO?

Unaitwa dramu na besi. Ngoma zake zinakwenda mbio, mapigo kama 174 kwa dakika, karibu matatu kila sekunde. Lakini besi iliyo chini yake inatembea taratibu, nusu ya mwendo huo. Jaribuni nyumbani: mmoja agonge meza mbio mbio, mwingine apige kofi moja kila mwenzake anapogonga mara mbili. Basi, hapo mmeshaelewa. Ndugu yake ni dabstepu, uliozaliwa kusini mwa London mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huo una mapigo kama 140 tu, ila besi yake ni nzito, inatetemesha kifua. Chase & Status wamefanya yote mawili.

Kumbe muziki huu mzizi wake ni wahamiaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wengi wa Jamaika walihamia Uingereza kutafuta kazi. Mara nyingi walizuiwa kuingia katika kumbi za starehe, wakawa wanapiga muziki wao majumbani kwa spika kubwa walizojiundia. Watoto wao na watoto wa majirani Waingereza walikua wakisikia besi ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana hao waliichanganya na ngoma za mbio, ukatokea muziki wa jango, ambao ndio mama wa dramu na besi. Ndiyo maana Chase & Status walipotayarisha albamu ya RTRN II JUNGLE, iliyotoka mwaka 2019, walisafiri hadi Jamaika kurekodi na waimbaji wa huko. Waliona vizuri warudi kwenye shina.

SAFARI HAIKUWA FUPI

Albamu yao ya kwanza, More Than Alot, ilitoka mwaka 2008, miaka mitano baada ya kuanza. Mwaka 2009 walitengeneza nyimbo kadhaa za albamu ya Rihanna iitwayo Rated R. Mwaka 2011 albamu yao No More Idols ilifika namba 2 Uingereza. Wengine wangesema sasa tumefika, tupumzike. Wao waliendelea. Mwaka 2023 wimbo wao Baddadan ulifika namba 5. Mwaka 2024 walipewa tuzo ya BRIT ya prodyuza wa mwaka, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo wimbo wa Backbone, walioufanya na Stormzy, kijana wa London ambaye mama yake ni Mghana, ukashika namba 1. Ulikuwa wimbo wao wa kwanza kufika hapo. Toeni wenyewe: 2024 kutoa 2003. Ni miaka 21!

Lakini si kila mtu aliyeujenga muziki huu alikula jasho lake. Mwaka 1969 kundi la Marekani liitwalo The Winstons lilirekodi wimbo mmoja, ndani yake mpiga ngoma Gregory Coleman akapiga peke yake kwa sekunde kama 7. Vijana wa Uingereza walizikata sekunde hizo, wakaziharakisha, wakajenga juu yake nyimbo nyingi mno za jango. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa chochote kwa hayo. Mwaka 2015 ndipo wapenzi wa muziki walipochanga pauni kama 24,000, wakampa mwenzake Richard Spencer aliyekuwa kiongozi wa kundi. Vijana, mkitunga kitu, andikeni jina na tarehe, na msisaini karatasi msiyoielewa.

SHULE

Jambo lililotugusa zaidi sisi walimu ni hili. Mwaka 2014 Will Kennard, pamoja na wenzake, alianzisha shule mashariki mwa London iitwayo ELAM, ya vijana wa miaka 16 hadi 19. Hawalipi ada. Wanajifunza muziki na namna kazi ya muziki inavyoendeshwa. Na msidhani huko wanakwepa daftari. Kwa utaratibu wa Uingereza, kijana wa umri huo ambaye hajafaulu Kiingereza na hesabu lazima aendelee nazo, hata kama anasomea gitaa.

Basi, tuwajibu. Baba na mama, msivunje gitaa la kopo alilojitengenezea mtoto. Mwulizeni anataka kutunga nini, na mpangieni saa ya ngoma na saa ya daftari. Nanyi vijana, ndiyo, muziki ni kazi. Lakini anayehesabu mapigo 174 kwa dakika anahitaji hesabu, na anayesaini mkataba anahitaji kusoma. Hao wawili walisubiri miaka 21 wakiwa na umeme na kompyuta. Sisi hapa tutahitaji uvumilivu zaidi yao, tena bila kuacha shule.

Tunawatakia mwezi mwema. Tukutane darasani.