Mgonjwa Hana Kaunti

Ukivuka mpaka pale Sirari, ukapita Migori na Rongo, barabara huanza kupanda na joto la ziwa hubaki nyuma. Migomba huongezeka, kisha chai. Hiyo ndiyo nchi ya Abagusii, ambao kwa lugha na desturi ni jirani wa karibu wa Wakurya wetu wa Mara. Siku hizi nchi hiyo ni kaunti mbili: Kisii, iliyokuwa na watu 1,266,860 kwa sensa ya 2019, na Nyamira, iliyokuwa na 605,576. Ardhi imebana. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na bado milimani utakuta chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa vimepangana kwenye shamba moja dogo.

Nairobi haitakuonyesha vizuri jinsi Kenya inavyotibu watu wake. Afadhali uje huku, ambako mpaka wa utawala na njia ya mgonjwa hugongana kila siku.

Katiba ya 2010 ililivunja jambo la afya vipande viwili. Serikali kuu ilibaki na sera na hospitali za rufaa za taifa, kama Kenyatta ya Nairobi na Moi ya Eldoret. Mengine yote, kuanzia zahanati ya kijijini, gari la wagonjwa na dawa hadi hospitali kubwa ya kaunti, yalikabidhiwa mwaka 2013 kwa kaunti 47. Kwetu Tanzania hospitali ya wilaya iko chini ya halmashauri, na mkono wa serikali kuu hauko mbali. Wenzetu wamekwenda hatua ndefu zaidi: mwajiri wa daktari ni kaunti, na kaunti inaongozwa na gavana aliyepigiwa kura.

Faida ipo. Mwananchi wa Nyamira anajua mlango wa kubisha dawa zikiisha, na diwani anayetaka kurudi madarakani atahakikisha zahanati ya wadi yake imepata bati na muuguzi. Hasara nayo ipo. Madaktari walipogoma Desemba 2016, mgomo ulidumu siku 100. Juni 2017 wauguzi wakafuata, wakakaa nje takriban miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Kila mara serikali kuu huwanyooshea kidole magavana, magavana nao huilaumu Hazina kwamba imechelewesha fedha, na wenye uwezo huenda hospitali binafsi, ambazo mjini Kisii zimejaa.

Huduma zimepangwa kwa ngazi sita. Ya kwanza ni nyumbani kwa mgonjwa, anakopita mhudumu wa afya ya jamii. Wahudumu hao wapatao 100,000 nchi nzima walikabidhiwa mikoba ya vifaa Septemba 2023, na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hugawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti. Ngazi ya pili ni zahanati, ya tatu kituo cha afya, ya nne hospitali ya aina ya Nyamira mjini au Ogembo. Juu yake zipo hospitali za rufaa, na kwa eneo hili lote rufaa ni moja: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii.

Hospitali hii ina asili inayotuhusu. Septemba 1914 Wajerumani waliotokea upande wetu waliuvamia mji wa Kisii, wakapigana na Waingereza. Miaka miwili baadaye, 1916, kituo cha tiba kikaanzishwa hapo kwa ajili ya askari waliojeruhiwa vitani. Leo ndipo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kisii wanapojifunzia, na wodi zake hupokea wagonjwa wa Nyamira, Migori, Homa Bay na upande wa Transmara kule Narok. Mwenye mguu uliovunjika haulizi gavana wa mahali ni nani. Mhasibu ndiye anayeuliza.

Kwa miaka kadhaa Kenya ilikuwa na jibu la maana kwa swali la mhasibu. Hospitali 11 za aina hii, Kisii ikiwemo, zilipewa ruzuku maalumu kutoka serikali kuu, jumla ya takriban shilingi bilioni 4.3 kwa mwaka, kwa sababu zilikuwa zikiwatibu watu wa kaunti nyingine. Kuanzia mwaka wa fedha 2021/22 ruzuku hiyo iliyeyushwa ndani ya mgao wa jumla wa kaunti. Kwenye makaratasi fedha hazikupotea. Lakini sasa hospitali inazigombania mbele ya bunge la kaunti pamoja na barabara, masoko na mishahara, na wajumbe wa bunge hilo wamechaguliwa na watu wa Kisii, si wa Nyamira wala Migori. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la mfumo mzima, nalo linazungumzwa kidogo kuliko kashfa.

Keroka ni mfano mzuri zaidi. Mji huo umekaa juu ya mpaka wenyewe, na kaunti zote mbili zimevutana juu ya nani akusanye ushuru wa soko lake. Sijasikia zikigombania wagonjwa wake.

Njia ya pili ya fedha ni bima, nayo imebadilishwa juzijuzi. Tangu 1966 Wakenya walikuwa na mfuko wao wa bima ya hospitali, NHIF, herufi zilezile za mfuko wetu. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo kila mtu anaiita SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, bila kikomo cha juu. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake, choo chake na maji anayotumia, kisha kompyuta humkadiria cha kulipa. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya, na hulipwa mwaka mzima kwa mkupuo.

Hapo kwenye mkupuo ndipo penye kazi. Mkulima wa chai wa Kebirigo au Nyansiongo hulipwa kidogo kila mwezi, kisha hupata bonasi mwezi Oktoba. Akiamua, shilingi 3,600 anaweza kuzitenga siku hiyo. Mama anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili hana Oktoba. Serikali yenyewe imelitambua hilo, na mwaka 2025 ikaleta mpango wa kukopeshwa mchango na kuurejesha polepole. Hata hivyo, kufikia katikati ya mwaka huo waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 20, na wasio na ajira rasmi waliokuwa wakilipa walikuwa sehemu ndogo tu. Zahanati na vituo vya afya havimtozi mgonjwa, kwani gharama hubebwa na mfuko wa afya ya msingi. Kulazwa na upasuaji ndiko kunakohitaji michango iliyokamilika. Isipokamilika, ukoo huitisha mchango, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa na namba ya simu ya mtunza fedha hutumwa. Mgonjwa aliyeshindwa kulipa aliweza kuzuiliwa wodini hata baada ya kupona, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumfungia mtu hivyo ni kinyume cha katiba.

Hospitali za misheni, kama ile ya Kikatoliki ya Tabaka, kwenye vilima wanakochonga mawe ya sabuni, huishi kwa bima hii hii. NHIF ilipokufa iliacha madeni ya mabilioni. Machi 2025 Rais aliahidi kwamba vituo vinavyodai hadi shilingi milioni 10 vitalipwa vyote, na madai makubwa zaidi yahakikiwe kwanza. Kwa upande mwingine, Agosti mwaka huo Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha makumi ya vituo nchini kwa tuhuma za madai hewa, kwa hiyo si kila anayelia njaa hana chakula ghalani.

Je, mfumo unafanya kazi? Kwa wajawazito, ndiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 89 ya wanaojifungua husaidiwa na mtaalamu, kutoka 62 mwaka 2014. Kwa saratani, bado: kituo cha saratani cha Kisii, kilichopangwa kwa mkopo wa benki ya BADEA na mfuko wa Saudia, kimetajwa na kuahirishwa kwa miaka.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za hospitali haziandiki. Wagusii walikuwa na wapasuaji wao wa jadi, ababari, waliofungua fuvu la aliyeumia kichwa, na madaktari wa kikoloni waliandika habari zao kwa mshangao. Ufundi huo ulikuwa wa kuokoa. Wa leo unaosumbua ni ukeketaji, ulioharamishwa kwa sheria ya 2011. Utafiti uleule wa 2022 ulikuta asilimia 15 ya wanawake wa Kenya wamekeketwa. Kisii na Nyamira ni takriban robo tatu. Na huku wembe mara nyingi umeshikwa na mtu mwenye mafunzo ya afya, kwa siri na kwa malipo, na wazazi huona hapo pana usalama. Elimu ya uuguzi iliyoteremsha vifo vya uzazi imetumika pia kuipa desturi hiyo glavu na ganzi.

Mtanzania anayekwenda kununua ndizi au kuuza dagaa huko ajue hili: sheria ya 2023 inamtaka mgeni atakayekaa chini ya miezi 12 awe na bima ya safari. Mgeni anayeishi Kenya kwa kudumu hujiandikisha SHA na kuchangia kama mwenyeji. Asiye na kimojawapo atahudumiwa kwa fedha taslimu, au kwa simu, na bei ya kitanda itategemea ngazi ya hospitali aliyofikishwa.