Vumbi jeupe la Buhemba

Mama mmoja wa Buhemba, wilayani Butiama, anaponda mawe ya dhahabu kwa ujira wa ndoo. Ameketi chini, mguu mmoja ameunyoosha. Jiwe hulizungushia kipande cha tairi lisiruke, kisha hushusha nyundo. Likishavunjika hulitwanga kwenye kinu cha chuma, akachekecha. Hapo ndipo vumbi linapopanda: jepesi, jeupe, linatua kwenye kope na vinyweleo vya shingo. Nilikuja kuulizia bei ya dhahabu. Kope zile zikanibadilishia maswali.

Mdomo ameufunga kwa kipande cha khanga. Zebaki ya kukamatia dhahabu anaiogopa, anasema, maana wameshafundishwa. Vumbi kwake ni uchafu tu, jioni anakoga linatoka.

Halitoki lote. Jiwe jeupe linalobeba dhahabu ni silika, yaani silikoni iliyoshikamana na oksijeni. Silikoni ni zaidi ya robo ya uzito wa gamba la dunia, na mchanga wa ufukweni Musoma umejaa silika isiyomdhuru anayeukanyaga. Ikisagwa ikawa chembe zisizoonekana, khanga haiizuii. Hufika kwenye vifuko vya hewa mapafuni na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, tena hukifungulia mlango kifua kikuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu Tanzania ulikuta silika hewani mashimoni ikizidi kiwango kinachoshauriwa zaidi ya mara 300. Juu ya ardhi, kama mara nne.

Kwenye bati la kibanda cha jirani kuna paneli ya sola. Nayo ni silikoni, ila imesafishwa kiwandani ng'ambo. Mama huchajisha simu hapo, kwa kulipia.

Nilipomtajia kunyunyiza maji kutuliza vumbi, alicheka. Unga ukilowa haupiti kwenye chekecheke, na mwenye mawe anataka unga mkavu. Ananisimulia habari za mwenzake aliyemaliza dozi ya kifua kikuu mara mbili na bado anakohoa. Ni kifua kikuu kweli, au ni makovu? Nani alimuuliza anafanya kazi gani kabla ya kumwandikia dawa? Na mponda mawe asiye na leseni wala mwajiri atadai fidia kwa nani?

Maofisa wanaokwenda machimboni kukagua zebaki wakague na vumbi, waanze na hawa wanaokaa chini na nyundo.