Mzazi, Mkaja na Vitabu

Kanuni ya kwanza ya arobaini ya uzazi ni kwamba mzazi hafanyi kazi. Hafagii, hasongi ugali, hainami kwenye ndoo, na jua likishatua hatoki nje. Uzazi wa kwanza ni wa kwao: kwetu Tanga, mimba ikishakuwa kubwa, mume humsindikiza mkewe kwa mama yake na furushi la khanga chakavu, maana khanga mpya haifai kumpokelea mtoto, ni ngumu. Nami nilitoka Dar es Salaam nikarudi nyumbani Ngamiani namna hiyo hiyo, likizo ya uzazi ikiwa mkononi. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukizihesabu, ni arobaini mbili na salio la siku nne. Ila ile sheria inatoa siku tu. Mama yangu alitoa na watu.

Watu wenyewe ni hawa. Alfajiri anakuja mkandaji, bibi mmoja wa jirani mwenye mikono kama koleo. Maji yanachemka na majani mpaka chumba kizima kinanuka pori. Anachovya taulo, analikamua, analibandika kiunoni nawe unapiga ukelele, naye anakuambia, "Nyamaza mwanangu, mtoto ulimzaa bila kelele hizi?" Nyonga, tumbo, mapaja, mgongo. Akimaliza anakufunga mkaja, kuanzia chini ya matiti hadi nyongani, kitambaa kirefu kinachozungushwa huku yeye amekuegemezea goti ubavuni ili kikaze. Ndipo unaletewa uji wa pilipili manga na samli, na kabla haujashuka, supu ya kuku. Rafiki yangu Mchaga aliponisikia nalalamika alicheka. Kwao alikula mtori na kisusio muda mrefu zaidi ya arobaini yetu, akatoka ndani amenawiri hata nguo za zamani hazimwingii.

Ule mkaja haupotei. Siku binti niliyemzaa atakapoposwa, upande wa mume utadaiwa mkaja wa mama, na pengine ubeleko pia, yaani ile nguo iliyombeba mgongoni. Siku hizi ni pesa kwenye bahasha na wengi hawaulizi zinalipia nini. Aliyewahi kufungwa na yule bibi hana haja ya kuuliza.

Tukaja kugombana mimi na mama juu ya vitabu. Nilikuwa nimebeba riwaya tatu kwenye mkoba, nikidhani kulala siku arobaini ndiyo nafasi niliyoiomba kwa Mungu tangu niajiriwe. Mama alizitoa akaziweka juu ya kabati. Macho ya mzazi ni mabichi, akasema, yakichoshwa sasa utavaa miwani kabla ya wakati. Sijaona daktari anayeliunga mkono hilo, na nilimwambia. Jibu lake likawa kwamba daktari hakunizaa.

Na bado sijui chumba kilichojaa maneno kama kile. Mtoto wetu wa Kiislamu hata hajanyonya vizuri ameshaadhiniwa sikio la kulia na kukimiwa la kushoto. Uchungu ukizidi, wako mama zetu walionyweshwa kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji ya waridi, mwenye uchungu anayanywa. Siku ya saba akika inachinjwa, mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, nywele zinanyolewa, jina linatangazwa. Jina la kwanza ni haki ya upande wa baba, kwa hiyo binti yangu ni somo wa mama mkwe, na mume wangu akimbeba humwita "mama" bila kucheka.

Mama yangu, aliyeniwekea riwaya juu ya kabati, ndiye aliyembembeleza mjukuu wake kwa tenzi. Hakuzisoma popote, alizishika kwa kusikia, katika mikusanyiko ya wanawake na kwenye redio. Utenzi unafaa mno kumlaza mtoto. Mizani nane kila mstari, mistari minne kila ubeti, na kina cha mwisho kinarudi beti baada ya beti hadi tamati. Kitoto kinasinzia kabla hoja haijafika. Kati ya alizonazo ni vipande vya Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, ili amwachie bintiye maneno ya kumwongoza. Pale penye kumpepea mume akiwa amelala, mimi nilijifanya sijasikia. Shaaban Robert, Mtanga mwenzetu, naye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati. Kwa hiyo kumwachia mtoto wa kike maandishi si jambo la kuiga kutoka mbali.

Yako ya arobaini niliyoyakataa. Asali haiwekwi ulimini mwa mtoto kabla hajatimiza mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Wanja wa manga mwingi una madini ya risasi, na ule wa kuchorwa nyusi za mtoto niliuzuia kwa ugomvi wa siku mbili. Muuguzi wa kliniki aliniunga mkono, mama akanuna, yakaisha.

Kliniki ina kalenda yake: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua miezi tisa, na kila mwezi nukta mpya ya uzito kwenye kadi. Mama ana yake. Kwanza mtoto akaze shingo, ageuke, akalishwe na mito, asote, atambae, asimame dede, ndipo aende tata. Meno anayaangalia kwa hofu ambayo haikiri. Zamani mtoto aliyeota ya juu kwanza aliitwa kigego na kuhesabiwa mkosi, na wapo walioteseka kwa hilo. Wetu alipoota mawili ya chini, mama alipiga simu ukoo mzima, ingawa eti hayo mambo hayaamini.

Riwaya zangu nilizipata siku ya arobaini na moja. Mtoto kumpatia vitabu vyake ndiyo kazi. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 uliwapa watoto wa shule hadithi nzuri za Kiswahili, lakini cha karatasi ngumu, cha mtoto asiyejua bado kugeuza ukurasa, dukani unakitafuta mpaka miguu inauma, ukikipata ni cha Kiingereza chenye theluji na dubu. Namsomea hivyo hivyo: dubu nimemgeuza paka, theluji nimeigeuza unga wa muhogo, na baba yake akisoma anabadilisha tena, kwa hiyo kitabu kimoja kina hadithi mbili na mtoto anazisikiliza zote. Sasa amefika dede, anashikilia rafu ya chini na kuvuta chochote kilichopo. Tumeweka masufuria hapo, na vitabu vimepanda juu mpaka aache kutafuna karatasi.