Kutunzwa na Kutunzana: Maadili ya Utunzaji na Ushirikiano katika Vyama vya Kufa na Kuzikana Tanzania

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania, kikundi cha majirani, wafanyakazi wenza au watu wa asili moja wanaochangiana wakati wa msiba huitwa chama cha kufa na kuzikana. Jina hili limezoeleka kiasi kwamba ugumu wake wa kisarufi hauonekani tena. Kauli ya kutendana, inayodhihirishwa na kiambishi -an-, hudai watendaji wawili au zaidi ambao kila mmoja wao ni mtenda na pia ni mtendwa. Wanaosalimiana, kila mmoja hutoa salamu na kila mmoja huipokea. Lakini maiti haziki. Aliyezikwa leo na wenzake hatapata kamwe nafasi ya kuwazika wenzake hao. Kwa mantiki kavu, basi, kuzikana hakuwezekani, na hata hivyo hakuna msemaji wa Kiswahili anayeliona neno hilo kuwa kosa.

Makala haya yanachukua neno hilo kuwa mlango wa kuingilia katika suala ambalo wataalamu wa maadili na wa maendeleo wamelijadili sana, yaani uhusiano kati ya utunzaji na ushirikiano katika ubunifu wa kijamii unaochipuka miongoni mwa watu wa kawaida. Inadaiwa hapa kwamba msamiati wa Kiswahili wa utunzaji, hususan minyambuliko ya vitenzi vyake, unabeba nadharia ya maadili ambayo lugha ya miradi ya maendeleo imeipindua bila kukusudia.

2.0 Utunzaji kama suala la maadili

Mjadala wa kitaaluma kuhusu maadili ya utunzaji ulipata nguvu baada ya mwaka 1982, Carol Gilligan alipoonyesha kwamba vipimo vya ukomavu wa kimaadili vilivyotumiwa na wanasaikolojia wa Marekani vilithamini haki na kanuni za jumla, vikadharau fikra zinazotanguliza mahusiano na mahitaji ya mtu mahsusi. Joan Tronto, katika kazi aliyoianza na Berenice Fisher mwaka 1990 na kuikuza katika kitabu chake cha mwaka 1993, aliligawa tendo la utunzaji katika hatua nne: kuliona hitaji, kukubali wajibu wa kulishughulikia, kutoa huduma yenyewe, na mhudumiwa kuipokea na kuiitikia. Mwaka 2013 aliongeza hatua ya tano, ile ya kutunza pamoja na wengine kama raia walio sawa.

Mchango mkubwa wa Tronto si orodha hiyo bali ni swali linaloifuata: ni nani, katika jamii fulani, anayeachiwa hatua ipi? Wenye madaraka hupenda hatua ya pili. Huahidi, hugharimia, huzindua. Hatua ya tatu, ambayo ni ya kuchota maji, kufua mashuka na kukesha, huangukia wasio na sauti. Methali isemayo kuwa ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo, inalitambua pengo hilo kati ya ahadi na tendo, ingawa inampa muungwana sifa ya tendo ambalo katika historia ya pwani mara nyingi lilifanywa na mikono ya mtumwa wake.

Kiswahili kina hazina ya vitenzi katika uwanja huu: kujali, kulea, kutunza, kuhudumia, kuuguza. Kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni kuuguza. Kimaumbo ni kauli ya kutendesha itokanayo na kuugua, na mtu angetazamia imaanishe kumtia mtu ugonjwa. Katika matumizi ya kawaida maana yake ni kuwa pamoja na mgonjwa katika kuugua kwake na kumhudumia. Zaidi ya hayo, mtu huweza kuuguza jeraha lake mwenyewe. Kitenzi hicho kimoja hakitengi kwa ukali anayeumwa na anayehudumia.

Karibu nacho kuna kuuguliwa na kufiwa. Hapa mnyambuliko wa kutendea umefuatwa na ule wa kutendwa, na matokeo yake ni kwamba ugonjwa au kifo cha mtu mmoja husimuliwa kama tukio lililompata mtu mwingine. Mama huuguliwa na mtoto. Mke hufiwa na mume. (Sarufi hiyohiyo ndiyo inayofanya mvua inyeshe na mpita njia akanyeshewa.) Hakuna haja ya hoja ndefu za kifalsafa kumthibitishia msemaji wa lugha hii kwamba binadamu si kisiwa, kitenzi kimekwisha kusema hivyo.

3.0 Mantiki ya kuzikana

Turudi kwenye fumbo la mwanzo. Kuzikana kunawezekana ikiwa tu ule usawa wa kutenda na kutendwa hautafutwi kati ya watu wawili wala katika wakati mmoja. Jirani wa kwanza humzika wa pili, wa tatu humzika wa kwanza, na wa tatu atazikwa na watu ambao pengine hawajazaliwa. Deni halilipwi kwa aliyekopesha. Hulipwa kwa chama, na chama hakifi. Itazamwe pia kwamba katika jina hilo kitenzi cha kwanza hakina -an-. Kila mtu hufa kifo chake. Kinachoshirikiwa ni maziko.

Upande wa pili wa mantiki hiyo unaonekana katika methali fupi, kufa kufaana, ambayo kwa kawaida hutumiwa kueleza kuwa msiba wa mmoja ni faida ya mwingine. Kiambishi ni kilekile, lakini maadili ni tofauti kabisa. Wanachama wa vyama vya maziko wanazijua hali zote mbili, na ndiyo maana vyama hivyo haviendeshwi kwa huruma peke yake. Vina katiba iliyoandikwa, daftari la wanachama, viwango vya michango na faini kwa wasiohudhuria. Utafiti wa Stefan Dercon, Joachim De Weerdt, Tessa Bold na Alula Pankhurst uliochapishwa mwaka 2006, uliolinganisha vyama vya maziko vya Ethiopia na vya Tanzania, ulionyesha jinsi kanuni za vyama hivyo zilivyo bayana, na kwamba vingi vimepanua shughuli zao hadi kwenye mikopo na misaada ya dhiki nyinginezo. Wanaodhani kuwa utunzaji wa kijadi ni hisia tupu, na kwamba kanuni zililetwa na asasi za kisasa, wangefaidika kusoma katiba ya chama kimoja tu cha mtaani.

Hata hivyo, kanuni haziondoi ubaguzi. Katika kijiji cha Nyakatoke, mkoani Kagera, De Weerdt alizihoji kaya zote 119 katika mwaka 2000 ili kujua kila kaya humtegemea nani wakati wa shida. Undugu, ujirani, ukoo, dini na mali vyote vilionekana kuamua nani awe na nani. Kaya maskini zilikuwa na watu wachache wa kuwaendea kuliko kaya zenye uwezo. Jambo hili ni zito. Laiti ushirikiano wa kijadi ungefanya kazi kama unavyosifiwa majukwaani, aliye na shida kubwa ndiye angekuwa na mikono mingi ya kumshika. Mkono mtupu haulambwi, na methali hiyo haikutungwa na wataalamu wa uchumi.

Julius Nyerere hakulifumbia macho jambo linalofanana na hilo. Katika maandishi yake ya mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini aliitaja misingi ya maisha ya kijadi, yaani kuheshimiana, kushirikiana mali na wajibu wa kila mtu kufanya kazi, lakini alikiri kwamba maisha hayo yalikuwa na kasoro, ikiwemo hali duni ya wanawake. Azimio la Arusha la mwaka huohuo lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, ilhali wanaume wengi wa huko wako likizoni nusu ya maisha yao. Sifa za ujima zilizotolewa baadaye katika hotuba nyingi zilikumbuka misingi na kusahau kasoro.

4.0 Uuguzaji wakati wa UKIMWI

Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, vyama vya kuzikana vilikabiliwa na hali ambayo havikuundwa kuikabili. Chama cha maziko husimama juu ya dhana kwamba vifo huja kwa nafasi na kwa zamu. Vinapokuja mfululizo katika nyumba moja, michango huchosha na kanuni huanza kujadiliwa upya. Tena, maziko ni tukio la siku chache, ilhali mgonjwa wa UKIMWI kabla ya kuenea kwa dawa za kufubaza virusi aliuguzwa kwa miezi au miaka. Jamii ilikuwa na chombo imara cha kuzika lakini haikuwa na chombo cha namna hiyo cha kuuguza.

Ubunifu wa kijamii ulizaliwa katika pengo hilo. Mfano unaojulikana sana ni WAMATA, asasi iliyoanzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 1989, ambayo mwasisi wake ni Theresa Kaijage. Kirefu cha jina hilo ni Walio Katika Mapambano na AIDS Tanzania. Uteuzi wa kirai hicho unastahili kuangaliwa. Jina halikusema waathirika, wala wagonjwa, wala wahudumu. Lilisema walio katika mapambano, na kwa hiyo likawajumuisha chini ya kirejeshi kimoja mgonjwa, mke anayemuuguza na ndugu anayeogopa. Hilo ni jina lililotungwa na watu walioelewa maana ya kuuguliwa.

Huduma za wagonjwa majumbani zilipopanuka na kuingizwa katika mipango ya serikali na ya wafadhili, kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake, wengi wao wakiitwa watu wa kujitolea. Neno kujitolea lina heshima yake. Lakini kirejeshi -ji- kilichomo ndani yake hueleza mtu anayejitoa mwenyewe, na ni rahisi kwa mpango wa kitaifa kujenga hesabu zake juu ya nafsi zinazojitoa bila kuuliza zitabakiwa na nini. Katika istilahi za Tronto, hatua ya kuwajibika ilibaki ofisini na hatua ya kutoa huduma ikabaki kitandani pa mgonjwa, na kati ya hizo mbili hapakuwa na mshahara.

5.0 Lugha ya miradi

Ulinganisho wa istilahi tatu utatosha. Ushirikiano hutokana na kushirikiana: washiriki ni sawa, na kila mmoja hutenda. Istilahi iliyotawala katika maandiko ya miradi ni ushirikishwaji. Ndani yake mna kutendesha na kutendwa kwa pamoja: kuna anayewafanya wengine washiriki, na hao wengine hushirikishwa. Aliyeshirikishwa anaweza kesho asishirikishwe. Istilahi ya tatu, walengwa, huenda mbali zaidi. Mlengwa ni aliyelengwa, na anayelenga ndiye mwenye shabaha. Neno hilo limezoeleka mno katika shughuli za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, hasa tangu mpango wa kunusuru kaya maskini ulipoanza mwaka 2012. Si kusudi la makala haya kuukosoa mpango huo, ambao umezifikia kaya ambazo, kama ilivyoonekana Nyakatoke, huachwa nje na mitandao ya majirani. Kutunzwa na dola ni haki, na pengine ndiyo njia pekee kwa asiye na cha kurudisha. Hoja ni kwamba kutendwa kusichukuliwe kuwa ni kutendana kwa sababu tu mkutano wa kijiji uliitishwa.

Kinyume chake kuna vikundi vya VICOBA. Mbinu yake ina asili katika mradi wa shirika la CARE ulioanzishwa Niger mwaka 1991, lakini ilipofika Tanzania ilikuta watu waliokwisha kucheza upatu kwa miaka mingi. Sanduku la fedha lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, linaeleza maadili ya ushirikiano kuliko hotuba yoyote: hakuna anayeaminiwa peke yake, na kwa sababu hiyo wote wanaweza kuaminiana. Pembeni ya akiba huwekwa mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba, nao ni kufa na kuzikana kulikoingia kwenye chombo kipya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitaka vikundi vya aina hiyo visajiliwe. Usajili huilinda akiba. Ila daftari la msajili huuliza fedha, halina safu ya nani alikesha na nani.

Na suala gumu kuliko yote bado limo ndani ya katiba za vyama vyenyewe. Chama cha kuzikana humsaidia mfiwa, kwa hiyo hakina budi kuamua nani ahesabiwe kuwa amefiwa, na amefiwa na nani. UKIMWI uliacha watoto wengi katika nyumba za bibi, shangazi na majirani. Mwanamke aliyemlea mtoto wa marehemu dada yake kwa miaka kumi, kisha mtoto huyo akafariki, kwa sarufi ya Kiswahili amefiwa pasipo shaka. Katiba inayotambua watoto wa kuzaa peke yao itamnyima mchango. Ile iliyoandika mtoto tu, bila ufafanuzi, imeiacha maana ya neno hilo iamuliwe na mkutano, ambao huitishwa msiba ukiwa tayari umetokea na jeneza halijanunuliwa.